Mfu na Mfiwa: Picha ya Rogier van der Weyden ya Kuteremshwa Msalabani

Katika Jumba la Makumbusho la Prado, mjini Madrid, kuna picha kubwa iliyochorwa kwa rangi za mafuta juu ya mbao za mwaloni, ambayo upana wake wazidi mita 2 na nusu na kimo chake ni yapata mita 2. Yaonyesha mwili wa Yesu Kristo ukiteremshwa msalabani, na mama yake akianguka chini kwa kuzirai. Aliyeichora ni Rogier van der Weyden, na wengi wa wanaoijua kazi ya wachoraji wa Flanders na Brabant wa karne ya 15 huihesabu kuwa miongoni mwa picha kuu kabisa za wakati ule. Sifa ipewayo aghalabu ni moja, nayo ni kwamba picha hii huliza. Machozi yamechorwa yakimetameta mashavuni, na yasemwa kuwa mtazamaji mwenye moyo hawezi kuyatazama naye akabaki na macho makavu.

Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi, na yaweza hata kutupotosha. Picha nyingi huliza, na zilizo mbaya huliza upesi kuliko zilizo njema. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa ubora wa picha hii hauko katika machozi yake bali katika mpango wake, na kwamba mpango huo umebeba fundisho zito la ibada: yule ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake hana njia ya kukipokea kifo hicho ila awe mfiwa. Fundisho hilo limeelezwa mara nyingi kwa maneno ya Kilatini. Mimi nitajaribu kulieleza kwa sarufi ya Kiswahili, kwa sababu nadhani sarufi yetu yaweza kutuonyesha jambo ambalo macho yameliona tayari lakini hayajapata kulitaja.

Kwanza yafaa tuyaweke wazi yale yanayojulikana. Rogier alizaliwa Tournai karibu na mwaka wa 1400, akajifunza kazi katika karakana ya Robert Campin mjini humo. Kufikia mwaka wa 1436 alikuwa mchoraji rasmi wa mji wa Brussels, na alifariki mwaka wa 1464. Picha hii hakuitia sahihi. Twajua kuwa ni yake kwa ushahidi wa baadaye: mwaka wa 1565 Cornelis Cort alitoa mchoro wa kuchapwa ulioifuata, akamtaja Rogier kuwa ndiye mbuni, na orodha ya mali ya jumba la Escorial ya mwaka wa 1574 yamtaja vile vile. Hukadiriwa kuwa ilichorwa karibu na mwaka wa 1435. Haiwezi kuwa imechorwa baada ya 1443, kwa kuwa nakala ndogo iliyotokana nayo, iliyotengenezwa kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Petro mjini Leuven, ni ya mwaka huo.

Walioiagiza walikuwa chama cha wapiga upinde wa Leuven, kwa ajili ya kanisa lao dogo la Mama Yetu lililokuwa nje ya kuta za mji. Hata leo alama yao yaonekana. Katika pembe za juu za picha, ndani ya nakshi zilizochorwa mfano wa mti uliochongwa, zimening'inizwa pinde ndogo za vita, zile zenye kitako cha mti na kifyatulio. Tusidhani kuwa chama cha namna hii kilikuwa cha silaha tu. Vyama vya miji ile vililinda kuta na kucheza mashindano, lakini pia wanachama walizikana, wakawasha mishumaa, wakagharimia misa kwa ajili ya wenzao waliotangulia. Watu waliosimama mbele ya picha hii walikuwa wamezoea kukutana mahali pale wakiwa wafiwa. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalihitaji.

Sasa tuitazame picha yenyewe. Jambo la kwanza limshangazalo mtazamaji ni kwamba hapana mlima wa Golgotha, wala mji wa Yerusalemu, wala mawingu. Nyuma ni dhahabu tupu. Chini pana ukanda mwembamba wa ardhi, wenye mimea michache, mfupa na fuvu la kichwa. Watu 10 wamewekwa ndani ya kitu kama sanduku, ambalo kina chake hakizidi sana upana wa bega la mtu, na humo wamo pia msalaba na ngazi. Wenyeji wa nchi ile walilitambua sanduku hilo. Altare zao nyingi zilipambwa kwa makasha ya mti yenye sanamu za kuchongwa, zilizopakwa rangi na dhahabu, na Campin mwenyewe alipata kulipwa kwa kazi ya kupaka rangi sanamu. Rogier amechukua umbo hilo wanaloliona kila Jumapili, akaziondoa sanamu, akaweka watu wenye damu na pumzi. Hawana pa kukimbilia. Nyuma yao dhahabu imewazuia, na mbele yao tupo sisi.

Kushoto amesimama Yohana, amevaa nguo nyekundu, akiinama kumshika Maria anayeanguka. Kulia kabisa ni Maria Magdalena, amejikunja kwa uchungu, vidole vya mikono yake vimefumbatana. Migongo ya wawili hawa imepinda kuelekea nje, mmoja huku na mwingine kule, kama mabano mawili yanayofunga sentensi ili neno lolote lisitoroke. Nyuma ya Yohana mwanamke mmoja analia na kujifuta uso kwa kitambaa. Mwingine, mwenye nguo ya kijani, anasaidia kumtegemeza Maria. Wanaume wawili wamebeba mwili, mmoja kifuani na mmoja miguuni, na huyu wa miguuni amevaa joho la thamani la nyuzi za dhahabu. Hao ni Yosefu wa Arimathaya na Nikodemo, ingawa wataalamu hawajakubaliana yupi ni yupi. Mtu mwingine amechukua chombo cha marhamu, na kijana yuko juu ya ngazi nyuma ya msalaba.

Hao wote ni fremu tu. Ndani yao kuna miili miwili. Mwili wa Kristo umelala hewani kwa mshazari, kichwa kikiinamia upande wetu wa kushoto, magoti yamelegea, mkono wa kuume unaning'inia. Chini yake kidogo ni mwili wa Maria: kichwa kimeinamia upande ule ule, magoti yamelegea vile vile, mkono unaning'inia vile vile. Mstari uliochora mwili wa mwana ndio uliorudiwa kuchora mwili wa mama. Tofauti ni kwamba mmoja yu uchi wa rangi ya nta na mwingine amefunikwa vazi la buluu, rangi iliyosagwa kutoka jiwe la lazuli ambalo wakati ule lilichimbwa Badakhshan, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, nalo lilikuwa ghali mno. Uso wa Maria ni mweupe kama uso wa maiti. Mtu asiyeijua habari hii angeweza kuuliza ni nani kati ya hawa wawili aliyekufa.

Kuna mahali ambapo jicho hulazimika kusimama. Mkono wa kuume wa Kristo, wenye tundu la msumari, umeshuka hadi karibu na mkono wa kushoto wa mama yake, ambao hauna jeraha. Imening'inia jirani, mfano mmoja, wala haigusani. Mkono wa pili wa Maria waelekea chini, kwenye fuvu. Mapokeo ya Kikristo yasema kwamba Adamu alizikwa mahali pale pale aliposulubiwa Kristo, na kila mtazamaji wa karne ya 15 alijua fuvu lile ni la nani. Basi mwili wa Maria umekuwa daraja: mkono mmoja kwa mwana aliyekufa ili watu waokoke, na mwingine kwa yule wa kwanza aliyewaletea kifo.

Mchoraji hakulipata umbo hili kwa bahati. Amelitoza maumbile kodi ili alipate. Tukiupima mguu wa kushoto wa Maria, twaona umerefushwa kupita kadiri ya mwanadamu, ili vazi lake lifike kufunika chini ya msalaba na mguu wa ngazi. Mtu awezaye kuchora tone la chozi kwa usahihi kama huo hakushindwa kuupima mguu. Aliacha kipimo cha mwili kwa sababu alikuwa akifuata kipimo kingine.

Kipimo hicho kilitoka wapi? Hakikutoka katika Injili peke yake. Injili zote 4 zasimulia kwamba Yosefu wa Arimathaya aliuomba mwili kwa Pilato. Ya Yohana yamtaja na Nikodemo. Hapana hata moja isemayo kuwa mama yake Yesu alikuwapo wakati mwili uliposhushwa. Yohana asema kwamba Maria alisimama penye msalaba, na baada ya hapo habari yake katika saa zile hukoma. Ibada ya karne zilizofuata ndiyo iliyokijaza kimya hicho. Kitabu cha tafakari juu ya maisha ya Kristo, Meditationes Vitae Christi, ambacho kwa muda mrefu kilidhaniwa kuwa cha Mtakatifu Bonaventura, kilimfundisha msomaji wa karne ya 14 kujiweka mwenyewe ndani ya habari, kuona na kusikia kama aliyekuwapo. Katika nchi za Rogier, harakati iliyoanzishwa na Geert Groote wa Deventer, aliyefariki mwaka wa 1384, iliwataka hata watu wa kawaida wayatafakari mateso ya Kristo majumbani mwao. Na katika mkondo huo huo kiliandikwa kitabu cha Thomas à Kempis juu ya kumfuata Kristo. Mwaka wa 1423 sinodi ya Köln iliweka sikukuu ya kuyakumbuka majonzi ya Maria. Yaonekana kwamba Rogier alifanya kazi katika miaka ambapo huzuni ya mama ilikuwa imepewa mahali katika kalenda yenyewe ya Kanisa.

Neno la Kilatini lililobeba fikra hiyo ni compassio, yaani kuteswa pamoja, nalo liliwekwa sambamba na passio, yaani mateso ya Kristo. Mwaka wa 1953 mtaalamu Otto von Simson aliandika kwamba picha ya Leuven yaelezeka kwa maneno hayo mawili: mwili wa mama warudia mwili wa mwana kwa kuwa nafsi yake ilisulubiwa pamoja naye, na kwa hiyo alishiriki katika kazi ya ukombozi. Alimtaja katika ushahidi wake Dionysius Mkartusi, mwandishi wa dini aliyeishi wakati mmoja na Rogier. Maelezo hayo yamekubaliwa na wengi, na sina nia ya kuyapinga. Walakini yamemweleza Maria kuliko yalivyomweleza mtazamaji. Mpiga upinde wa Leuven, akipiga magoti, alitakiwa afanye nini na sambamba hiyo? Kuistaajabia tu?

Hapa ndipo naomba msomaji anifuate katika sarufi. Tukitafsiri compassio kwa neno huruma, tumepotea tangu mwanzo. Huruma katika matumizi yetu hushuka: mwenye nacho humhurumia asiye nacho, mzima humhurumia mgonjwa. Maria hamhurumii Kristo kwa maana hiyo. Tukisema kushiriki mateso, tumekaribia, lakini neno kushiriki lafaa hata kwa karamu na biashara. Neno letu linalofaa ni la kila siku, tunalolisikia penye matanga: kufiwa.

Shina ni -fa. Tukiliongezea kiambishi cha kutendea twapata -fia, na tukilifanya la kutendwa twapata -fiwa. Watu wa Ulaya aghalabu wana neno moja kwa mtu aliyekufa na neno jingine kabisa, la shina tofauti, kwa mtu aliyeachwa. Sisi shina letu ni moja. Mfu na mfiwa ni mwili mmoja wa neno, ila wa pili umerefushwa. Tena tutazame ni nani mtenda katika sentensi hii: Maria amefiwa na mwanawe. Mtenda ni yule aliyekufa. Yule aliye hai ndiye aliyetendwa. Kifo cha mmoja kimemwangukia mwingine kama kitendo. Ndivyo hasa ilivyo katika picha: Kristo ambaye hawezi tena kujongea ndiye anayeupa umbo mwili wa mama, na mama ambaye yu hai ndiye aliyepokea umbo hilo bila kulitaka.

Lakini kiambishi hiki kina maana zaidi ya moja, na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mtu aweza kumfia mwenzake kwa kumwachia msiba. Na aweza kumfia kwa maana ya kufa kwa ajili yake. Mkristo wa Kiswahili husema pasipo kusita: Kristo alitufia. Asema hivyo kwa shukrani, kama mtu aliyepata faida. Basi na tuifanye sentensi hiyo ya kutendwa, kwa kanuni ile ile ambayo mwanafunzi wa darasa la sarufi huifuata. Kristo alitufia, sisi tulifiwa na Kristo. Habari ya wokovu, ikigeuzwa, imekuwa habari ya msiba.

Mtaalamu wa sarufi ataweza kupinga, na kwa haki, kwamba matumizi hayafuati kanuni hadi mwisho. Neno kufiwa limebaki na maana ya msiba peke yake. Hapana mtu asemaye amefiwa akimaanisha kwamba mtu amekufa kwa ajili ya kumfaidi. Nakubali. Matumizi yamezitenga maana hizi mbili, na yamefanya vyema, maana maisha ya kila siku hayangewezekana kama kila pole ingekuwa pia hongera. Lakini kile kilichotengwa na matumizi ndicho kinachounganishwa na ibada, na picha hii ni chombo cha kukiunganisha. Yamchukua mtu ambaye husema kila siku kwamba Kristo alimfia, asemaye hivyo kwa mazoea, na kumweka mbele ya mwanamke ambaye alifiwa kweli. Halafu yamwonyesha kuwa neno ni lile lile. Mstari ni ule ule.

Kwa hiyo sambamba ya miili miwili si mwisho wa picha. Ni hatua ya kwanza ya mfululizo. Mama amechukua umbo la mwana. Mtazamaji, ambaye hana pa kusimama ila mbele ya kisanduku hiki kifupi, anatakiwa achukue umbo la mama. Hata mahali pa picha palisaidia. Ilikuwa juu ya altare, na mwili wa Kristo wateremshwa humo kana kwamba unakuja kulazwa juu ya meza iliyo chini yake, pale ambapo padri huinua hostia na kusema kwamba huo ni mwili. Mwanachama aliyekuja kuwaombea wenzake waliokufa alikuta kuwa kuna msiba mmoja ulio nyuma ya misiba yake yote, naye yumo katika orodha ya wafiwa.

Fundisho hili halikukubaliwa na kila mtu, na hoja zilizotolewa dhidi yake zastahili kujibiwa. Ya kwanza ilitoka ndani ya Kanisa lenyewe. Mwaka wa 1506, katika utawala wa Papa Julius II, watu walipoomba kuwe na sikukuu ya kuzirai kwa Maria, mwanatheolojia Thomas de Vio, ajulikanaye kwa jina la Cajetan, aliandika kukataa. Alisema Injili yatuambia kwamba alisimama. Na kwamba kuzirai ni ugonjwa unaomnyima mtu akili, ilhali Maria alitakiwa ateseke kwa akili timamu. Hoja hiyo ni nzito. Hata utenzi maarufu wa Kilatini juu ya huzuni yake huitwa kwa maneno yake ya kwanza, Stabat Mater, yaani mama alisimama.

Jibu langu ni kwamba Cajetan alilihukumu tendo, na Rogier hakuchora tendo. Lau angetaka kutuonyesha mwanamke aliyeishiwa na nguvu, angemchora ameporomoka ovyo, nguo zimevurugika, kama waangukavyo waliozirai. Mwili huu haukuvurugika. Umeshuka kwa utaratibu ule ule unaoushusha mwili wa juu yake. Kuanguka kwake ni namna ya kufuata. Tena picha imeiweka nje ya wakati wa habari: mwana alipokuwa hai juu ya msalaba, mama alisimama, sasa ameshuka, naye ameshuka. Anayesoma hivyo haoni kwamba mchoraji amepingana na Yohana mwinjili. Aona kwamba ameiendeleza sentensi yake mahali alipoikomesha.

Hoja ya pili ilitoka kwa wasanii. Mreno Francisco de Holanda, katika mazungumzo aliyoyaandika na kuyamaliza mwaka wa 1548, amsimulia Michelangelo akisema kwamba picha za Flanders huwapendeza wacha Mungu kuliko zile za Italia, na huwatoa machozi, lakini si kwa ubora wake, bali kwa wema wa hao wanaozitazama. Zawafaa wanawake, hasa wazee na wasichana, na watawa, na wale wasiojua ulinganifu wa kweli. Kama maneno hayo ni ya Michelangelo mwenyewe au ni ya Holanda, shutuma yenyewe ni moja: haya ni machozi yasiyo na sanaa.

Si haba kwamba karibu miaka mia moja kabla yake Mwitaliano mwingine alikuwa ameona vingine. Bartolomeo Fazio, akiandika mwaka wa 1456, aliisifu picha nyingine ya Rogier, aliyoijua kuwa ipo Ferrara, ambayo nayo ilikuwa ya kuteremshwa msalabani, na akasema kwamba machozi yake hayakutofautika na ya kweli. Lakini sitaki kuitetea picha ya Leuven kwa sifa hiyo, maana ndiyo sifa niliyoanza kwa kuitilia shaka. Nitaitetea kwa ulinganifu, jambo lile lile ambalo Michelangelo alisema halimo. Katika watu hawa 10 hapana macho yanayokutana, wala hapana anayetutazama sisi kutuomba tulie naye. Hapana mdomo uliofunguliwa kwa ukelele. Kila mmoja amepewa huzuni yake kwa kadiri: huyu analia, huyu ameduwaa, huyu ana kazi ya kubeba na hawezi kulia sasa, huyu amejikunja. Tumewaona watu hao penye kila msiba. Na wote wamepangwa kuuzunguka mstari mmoja uliochorwa mara mbili. Kama huo si ulinganifu, sijui tuuite nini. Kuliza ni kazi ya mara moja, kitunguu huliza. Kumweka mtu katika mahali pake pa mfiwa ni kazi nyingine, na hiyo yahitaji akili ya mjenzi.

Sisemi kwamba picha haina mashaka. Joho la dhahabu la yule aliyebeba miguu lavuta macho kupita haki yake, na twahisi hapo fahari ya mji tajiri uliopenda kuiona nguo yake juu ya altare. Tena iko hatari katika fundisho lenyewe: mtu aweza kuyapenda mateso kwa kuwa yamechorwa vizuri. Mshipi wa Magdalena umeandikwa majina ya Yesu na Maria kwa herufi za Kilatini, na labda ndilo onyo la mchoraji: huzuni isiyojifunga kwa jina la mtu hugeuka kuwa pambo. Mfiwa hufiwa na fulani.

Yaliyoipata picha baadaye yalizidi kulithibitisha swali hili. Katika karne ya 16 Malkia Maria wa Hungaria, aliyezitawala nchi zile kwa niaba ya ndugu yake Kaisari Charles V, aliipata kutoka kwa wapiga upinde, akawapa badala yake kinanda cha kanisa na nakala iliyochorwa na Michiel Coxcie. Aliiweka katika jumba lake la Binche, kisha ikaenda Hispania kwa Mfalme Philip II. Karel van Mander, katika kitabu chake cha mwaka wa 1604, asimulia kwamba merikebu iliyoichukua ilizama, na picha ikaokotwa ikielea bila madhara makubwa. Ilikaa Escorial, na tangu mwaka wa 1939 imo Prado. Kutoka altare ikaenda jumba la kifalme, na kutoka jumba la kifalme ikaenda makumbusho. Kutoka kwa wafiwa ikaenda kwa wenye mali, na kutoka kwa wenye mali ikaja kwa watazamaji. Meza iliyokuwa chini ya mwili ule haipo tena.

Je, maana yake imebaki Leuven? Kama nguvu ya picha ingekuwa katika machozi tu, ningejibu kwamba imebaki kwa kila mtu mwenye macho. Kama ingekuwa katika altare tu, ningejibu kwamba imekwisha. Lakini mpango haukubomolewa. Mabano mawili yangali yamefunga, dhahabu ingali inazuia kwa nyuma, na miili miwili ingali inashuka pamoja. Mtazamaji wa leo, awe Mkristo au asiwe, aingiapo chumba kile anasimama mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya mtu wa kumi na moja. Aweza kukataa kuwa mfiwa. Hiyo ni haki yake, na picha haimshiki kwa nguvu. Asichoweza ni kudai kwamba hakuulizwa.

Kwa ajili hiyo naona kuwa kazi hii ya Rogier si ya kusifiwa kwa wingi wa huzuni yake. Huzuni ipo tele duniani pasipo wachoraji. Kilicho adimu ni kuonyesha, kwa mstari mmoja, kwamba kufa kwa ajili ya mtu na kumwachia mtu msiba vyaweza kuwa tendo moja, na kwamba asiyeupokea msiba hajaupokea wema. Wanazuoni wa Kilatini walihitaji maneno mawili yaliyowekwa sambamba ili kulisema jambo hilo. Kiswahili kinalibeba katika shina moja na viambishi vyake. Rogier alilibeba katika mwili wa mwana, na kivuli chake cha buluu kinachoanguka chini yake.